Mawe Meupe ya Kambi ya Ilalwe

Jumamosi, 1 Juni 2024. Asubuhi: baridi kidogo, upepo wa mashariki, hakuna wingu.

Kambi imefunguliwa leo. Nitaandika kila siku kama mwalimu wetu wa jiografia alivyotuzoeza sekondari: kwanza hali ya hewa, kisha yaliyotokea, mwisho saa niliyolala. Saa ya kulala naijaza asubuhi inayofuata, maana hakuna anayeandika akiwa usingizini.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikubali kwa tofauti ya kura chache. Kilima cha Ilalwe kitaachwa bila kukatwa miti, bila mkaa na bila kokoto mpaka tarehe 31 Oktoba. Kikipata wageni mia moja wa kupanda na kulala kwenye mahema, kitabaki kambi. Kisipopata, mkutano utaamua vingine. Mwenyekiti Mihayo alisoma uamuzi huo akitabasamu, kama mtu aliyemwahidi mtoto baiskeli kwa mtihani anaojua atafeli.

Tuna viwanja vitatu vya mahema, vyoo viwili vya shimo, pipa la maji, na njia ya kwenda kileleni, dakika hamsini kwa mtu mzima. Mimi ni mtunza kambi na mwongozaji. Mume wangu, Donatus, ndiye aliyechimba vyoo na kufyeka njia. Alichimba dhahabu miaka tisa, mpaka duara moja, shimo la wachimbaji kule Bukombe, likamfukia mdogo wake. Siku ile hakuna aliyejua walikuwa wangapi ndani. Walifukua watatu wakaacha, kumbe walikuwa watano, na mdogo wake alikuwa wa tano. Baada ya matanga Donatus aliniambia hatashuka tena ardhini mpaka ashushwe. Kifua chake kina vumbi la mwamba, na daktari alisema vumbi hilo halitoki.

Nataka kilima kibaki kambi ili mume wangu awe na kazi ya juu ya ardhi. Sababu nyingine nilizowaambia kamati ni za kweli, lakini hii ndiyo ya kwanza.

Jirani yetu Limi atawapikia wageni. Leo alikaa juu ya sufuria yake akaniuliza, "Mama Vaileth, hebu nieleze tena. Mtu ana nyumba ya bati, ana kitanda, ana chandarua. Anapanda gari anakuja kulala hapa kwenye turubai, siafu wamle?"

"Ndiyo."

"Na hajafukuzwa kwao?"

"Hajafukuzwa."

"Haya. Tusimcheke mpaka ameshakula."

Nimefungua daftari la wageni. Nimeandika namba pembeni kabisa, 1 mpaka 100, ukurasa kwa ukurasa. Wageni leo: hakuna.

Nililala saa nne.

Jumapili, 2 Juni. Baridi. Baada ya misa, hakuna mtu.

Jumatatu, 3 Juni. Baridi. Hakuna.

Jumamosi, 8 Juni. Ukungu mpaka saa tatu, kisha jua.

Wageni wa kwanza. Walimu saba kutoka Kharumwa, na mahema mawili ya kuazima. Walimu wawili wa kike walivaa ndala. Niliwapandisha taratibu. Juu kabisa wakaona mashamba, ng'ombe wadogo kama punje, na upande wa magharibi yale madoa meupe ambako machimbo ya zamani yameacha vifusi. Mmoja akauliza kule ni wapi. Nikamwambia kule ndiko watu walikokwenda, huku ndiko walikobaki. Akacheka. Sikuwa natania.

Namba 1 mpaka 7. Nililala saa tano.

Jumatano, 19 Juni. Jua, upepo mkavu.

Naipanga njia kwa mawe meupe pande zote mbili ili mgeni asipotee jioni. Mawe nayatoa kileleni, kwenye ufa ulio nyuma ya mninga mkubwa. Nayashusha kwa ndoo. Donatus anayapokea na kuyachagua. Yaliyo meupe matupu anayaweka njiani. Yenye mistari ya rangi ya kutu anayatupa kwenye shimo la choo.

"Hayo ndiyo mazuri," nikamwambia. "Yana rangi mbili."

"Yana kutu. Yatachafua njia."

"Jiwe litachafuaje jiwe, Baba Vaileth?"

Akatupa jingine chooni. Mume wangu si mtu wa kuchagua mambo, hata ugali uliolala anakula, kwa hiyo nimeandika hili kwa sababu limenishangaza.

Nililala saa nne na nusu.

Jumapili, 30 Juni. Baridi kali alfajiri.

Mwisho wa mwezi: wageni 19. Mihayo alipita kwa pikipiki, akafunua daftari, akahesabu kwa kidole ingawa namba zimeandikwa. "Shikamoo Mwenyekiti," nikamwambia. "Marahaba, Mama Vaileth. Bado themanini na mmoja tu," akasema.

Ijumaa, 12 Julai. Jua, vumbi.

Wanafunzi ishirini na wanane na walimu wao, usiku mmoja. Waliimba mpaka sauti zikawakauka. Binti yangu Vaileth, ambaye yuko darasa la tano, aliwaonesha mbuzi mawe wawili waliosimama juu ya jabali kama wamechongwa. Donatus alicheka leo. Alicheka akakohoa, akakohoa muda mrefu, kisha akacheka tena.

Jumatano, 31 Julai. Upepo. Jumla 58.

Jumanne, 13 Agosti. Joto linaanza.

Jumla 79. Nimepiga hesabu: tukiendelea hivi tutafika mia kabla ya Septemba kwisha. Sikumwambia Donatus. Nilimwambia Limi, akanijibu, "Usihesabu vifaranga mbele ya mwewe." Nikamuuliza mwewe ni nani. Akasema hajui, ila yupo siku zote.

Jumatatu, 19 Agosti. Joto, moshi wa mashamba yanayochomwa.

Shangazi yake Donatus amefariki Tinde. Donatus amekwenda na basi la asubuhi, atakaa mpaka matanga yaishe. Jioni simu ikaita. Ni mfanyabiashara wa Katoro, Agapiti. Anataka kuleta familia Jumamosi, watu kumi na wawili na mahema matatu, na kila hema liwe na mafiga yake. Tuna mafiga ya moto sehemu mbili tu.

Alhamisi, 22 Agosti. Joto.

Nimejenga mafiga ya tatu peke yangu. Nilipanda kwenye ufa mara nne. Nimechukua mawe yale ya rangi mbili, makubwa, yenye mistari ya kutu, nikayapanga duara. Yamependeza kuliko yote ya kambi. Donatus akirudi ataona kwamba kutu haichafui kitu.

Nililala saa tatu, nimechoka.

Jumapili, 25 Agosti. Joto, anga jeupe.

Naandika ya jana na ya leo pamoja.

Walifika saa tisa alasiri na magari mawili: Agapiti, mke wake Suzana, watoto, shemeji, na mama mkwe wake, bibi mnene mwenye fimbo. Ni watu wazuri, naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Suzana alileta pilau ndani ya chombo cha kutunza joto ili asimsumbue Limi, na Limi akanuna mpaka alipopewa sahani. Watoto walipanda kilima mbio, wakashuka mbio, wakataka kupanda tena. Bibi alikataa kupanda. Alikaa chini ya mninga wa bondeni, akasema, "Mwanangu, miaka sita nakaa jirani na karasha. Mchana linasaga mawe, usiku linasaga mawe. Hapa nasikia masikio yangu yenyewe."

Jioni walikoka moto mkubwa kwenye mafiga ya tatu. Agapiti alitaka watoto waone makaa. Mawe yakaanza kupasuka, pa, pa, na watoto wakapiga kelele za furaha. Nilisikitika kwa ajili ya mafiga yangu. Suzana akaniambia, "Usijali, dada, tutakupangia mengine."

Leo asubuhi nilimkuta Agapiti amechuchumaa kwenye majivu. Alikuwa ameshika kipande cha jiwe lililopasuka. Alikilamba, akakigeuza juani, akakilamba tena.

"Mama Vaileth, haya mawe mmeyatoa wapi?"

Mimi ni mwongozaji. Mgeni akiuliza, naonesha. Nilimpandisha mpaka kileleni, nikampitisha nyuma ya mninga mkubwa, nikamwambia ni hatua arobaini na mbili kutoka shina mpaka ufa. Nilizihesabu siku ya kwanza, na leo nikazihesabu tena kwa sauti mbele yake ili asiteleze. Aliupapasa mwamba kwa kiganja. Kisha akasema nimeitunza sehemu nzuri sana, na kwamba ni vizuri kumwona mtu anayejua kazi yake.

Nilifurahi. Naandika hilo pia.

Namba 80 mpaka 91. Nililala saa nne.

Jumatano, 28 Agosti. Joto. Vumbi jekundu.

Donatus amerudi. Aliweka mfuko chini, akaenda moja kwa moja kwenye mafiga ya tatu. Alikaa juu ya visigino vyake mpaka Vaileth akamaliza kuosha vyombo vyote.

"Nani alikoka moto hapa?"

"Wageni wa Katoro."

"Anafanya kazi gani huyo mgeni?"

"Mfanyabiashara."

"Wa nini?"

Sikujua. Kila mgeni namwandika jina, anapotoka, idadi na simu. Kazi sikuweka safu yake. Donatus alichukua kipande, akakisaga kwa jiwe jingine mpaka kikawa unga, akautia kwenye karai na maji, akazungusha taratibu kama mama anayepepeta mchele wa sikukuu. Akanionesha ukingoni. Palikuwa na mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Tangu ndoo ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeandika," akasema. "Na yule mtoto anasoma kila karatasi anayoiona. Nikaona bora niwe mtu anayebagua mawe ya kutu."

Aliyakusanya mapande yote akayatupa chooni. Mimi nilishika taa. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nililala saa nane.

Ijumaa, 30 Agosti. Joto. Hakuna mgeni.

Jumamosi, 7 Septemba. Joto. Wingu moja, likapita.

Wanaume watatu. Walisema wamekuja kupanda mlima. Hawakuwa na mahema, chakula wala chupa ya maji. Begi lao lililia chuma lilipowekwa chini. Donatus alisimama mbele ya njia.

"Kambi imejaa leo," akasema.

Mmoja wao akaangalia viwanja vitatu vitupu. "Imejaa nini, mzee? Majani?"

Wakatoa kiingilio, wakasaini. Namba 92, 93 na 94. Sikuweza kuwakatalia, masharti ya kijiji yanasema kilima ni wazi kwa kila mgeni. Niliyaandika mimi masharti hayo. Walipanda bila mwongozaji na hawakuuliza njia. Walipofika juu niliwaona kutoka chini, mmoja akienda hatua kwa hatua kutoka kwenye mninga. Alikuwa anahesabu.

Jumapili, 8 Septemba. Joto.

Watu kumi na mmoja, nyundo na sururu. Hawakusaini.

Jumatatu, 9 Septemba. Joto.

Nimeacha kuhesabu saa nne asubuhi. Walikuwa zaidi ya mia mbili.

Alhamisi, 12 Septemba. Joto, vumbi hewani mpaka jua ni kama sahani ya shaba.

Rashi, watu kukimbilia dhahabu mpya, imeshika. Pikipiki zinatoka Katoro, Kharumwa, mpaka Kahama. Mninga mkubwa umekatwa jana kwa ajili ya matimba ya kuzuia kuta za maduara, kwa hiyo hata hatua zangu arobaini na mbili hazina tena pa kuanzia. Njia yangu haipo. Mawe yote meupe yaliyokuwa pembeni yamechukuliwa, hata yale matupu, maana aliyechelewa kufika hachagui. Juzi walibomoa vyoo. Mtu alisema wenyeji wametupa mawe mazuri chooni, na wakachimba humo humo, na uchafu wake, wakicheka. Sijui nani alisema. Vaileth ameniapia si yeye. Sikumuuliza, aliapa mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mihayo na karatasi ya mkutano mkuu, yenye mhuri. Aliisoma yote.

"Mama Vaileth, hapa tumeandika miti, mkaa na kokoto. Dhahabu tumeandika wapi?"

"Hatukujua ipo."

"Ndiyo hivyo. Na madini ni ya Serikali. Kijiji kina mlima kwa juu tu."

"Basi zuia kwa juu, Mwenyekiti. Wanapita juu kwenda chini."

Akacheka, kweli kweli, akajifuta macho. "Mama, Novemba tuna uchaguzi. Unataka niwafukuze wapiga kura mia nane kwa ajili ya pimbi na mbuzi mawe?"

Jumatano, 18 Septemba. Joto.

Maofisa walikuja na gari, wakafunga kamba nyekundu kuzunguka kilima, wakasema watu wasubiri utaratibu. Waliondoka saa nane. Saa tisa kamba ilikuwa inatumika kuteremshia ndoo.

Jumapili, 22 Septemba. Joto.

Agapiti alikuja na Suzana. Suzana hakushuka garini. Agapiti alisimama uani kwetu, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu."

Donatus akamjibu, "Dhahabu siku zote huambiwa mtu mmoja tu."

Akampa kiti. Wakaongea habari za mawe mpaka chai ikaisha, duara lipi linafuata mkanda wa dhahabu, maji yanatokea futi ngapi. Nilikuwa jikoni. Sauti ya mume wangu ilikuwa imerudi ujanani, na hilo ndilo lililonitisha kuliko pikipiki zote.

Ijumaa, 4 Oktoba. Joto. Limi anapika kilimani, sufuria tatu. Ananisalimu akiangalia pembeni.

Jumapili, 13 Oktoba. Wingu mashariki, halikuleta kitu.

Bado nakwenda kambini kila asubuhi na daftari. Nakaa kwenye ubao wa mapokezi. Leo kijana mmoja aliniuliza kama nauza vocha.

Ijumaa, 25 Oktoba. Radi mbali.

Donatus amesema. Amepewa nafasi kwenye duara lililo pale pale palipokuwa kiwanja cha tatu cha mahema. Wenye duara wanataka mtu anayejua kusoma mwamba.

"Uliniahidi," nikasema.

"Niliahidi nikiwa na kilima cha kutunza."

"Kifua chako?"

"Vumbi nalivuta hata nikikaa hapa mlangoni. Wewe mwenyewe unafagia mara tatu kwa siku."

Ni kweli. Nimefikiri niseme nini na kila sentensi inanirudisha kwenye ufa, mimi na ndoo yangu. Angeweza kusema, wewe ndiye uliyewaonesha. Hajasema tangu Agosti, na nimegundua kwamba hatasema kamwe, na kwa sababu hiyo sina nguvu ya kumzuia. Nikamwambia jambo moja tu. Kama anashuka, lazima kuwe na daftari la wanaoshuka na wanaopanda, na nitaliandika mimi. Isije ikawa tena hakuna anayejua walikuwa wangapi.

Akakubali haraka, kama mtu aliyetegemea kudaiwa zaidi.

Nililala saa tisa.

Jumatano, 30 Oktoba. Manyunyu, kisha jua kali. Ardhi ina harufu.

Mvua zimekaribia. Kiongozi wa duara anaitwa Selestine, mtu wa Kigoma, mpole. Alikubali daftari. "Mama, tumia hilo hilo ulilo nalo, si lina mistari?" Nikamwambia ni la wageni. "Na sisi ni nani?" akasema.

Alhamisi, 31 Oktoba 2024. Asubuhi: wingu zito kutoka kusini, hakuna upepo. Mvua kubwa ya kwanza saa nane mchana.

Leo ndiyo siku ya mkutano wa kilima. Umeahirishwa, akidi haikutimia. Watu wote walikuwa kilimani.

Nilipiga mstari chini ya namba 94 na kuongeza safu mbili: kushuka na kupanda. Namba zilikuwepo tangu Juni. Wachimbaji watano walisaini kuanzia 95 mpaka 99, Selestine wa mwisho wao. Saa moja na dakika kumi asubuhi Donatus alifika mbele ya ubao wa mapokezi. Alikuwa amevaa suruali ambayo niliificha juu ya dari miaka mitatu iliyopita. Sikujua kama anajua ilipo.

Akainama kusaini. Akaona namba. Aliitazama kidogo, akaniangalia.

"Mama Vaileth," akasema, "wageni wako wametimia."

Akashuka. Kamba waliyotumia ni ya hema.

Mihayo alipita saa tano kuomba kura. Alifunua daftari, akafuata namba kwa kidole mpaka mwisho wa ukurasa. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alilifunga polepole, akasema "Pole," akaenda kwenye duara jingine.

Mvua ilipoanza maji yalitiririka kwenye mfereji ambao Donatus aliuchimba Mei ili mahema yasilowe. Sasa mfereji unaelekea mdomoni mwa duara. Nilisimama na jembe nikaugeuza, na watu wawili wakanisaidia. Chini walikuwa wanaendelea, nilisikia nyundo. Niliita jina lake kwa sauti kubwa na nyundo ikasimama, kisha ikaendelea.

Walipanda saa kumi na moja jioni. Nilijaza safu: 95, 96, 97, 98, 99. Donatus wa mwisho. Alikaa kwenye tope pale yalipokuwa mafiga, akakohoa mpaka akashika magoti.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi twende nyumbani. Kesho tunaingia mapema, kabla ya mvua."

"Kuta zimelowa."

"Ndiyo maana mapema."

Nyumbani alikula, akalala papo hapo. Vaileth alimvua viatu. Selestine anataka majina ya kesho yaandikwe leo, ili asubuhi kusiwe na foleni. Baada ya mia hapakuwa na namba. Nimefungua ukurasa mwingine, nikachukua rula, nikachora mistari, nikaandika 101, Donatus, nikaiacha safu ya kushuka na safu ya kupanda wazi.

Mvua imerudi saa tatu na haijakatika. Kilimani karasha la kwanza limesimikwa leo, na linasaga.

Nililala saa kumi kasoro dakika ishirini. Mvua ilikuwa bado inanyesha.